Ukisikia “priest”, usikimbilie padri

Mara ya kwanza kusimama kanisani kama mkalimani nilikuwa na miaka 22, nimetoka chuo cha ualimu, Kiingereza changu bado kinanuka kamusi. Ilikuwa Julai, huko Kilolo, asubuhi ile ya baridi ambayo mwimbaji wa kwaya akifungua mdomo unaona mvuke kabla hujasikia sauti. Mgeni wetu, mchungaji wa Kilutheri kutoka Marekani, aliwatazama waumini akawaambia kwamba wote waliomo mle ndani, wanaume kwa wanawake, ni “priests”. Nikatafsiri papo hapo: “Ninyi nyote ni mapadri.”

Kimya kikapita. Kisha mama mmoja wa benchi la tatu, mtoto yuko mgongoni, akauliza kwa sauti: “Sasa huyu mume wangu nimpeleke wapi?” Watu wakavunjika mbavu. Mgeni naye akacheka kwa furaha, akidhani neno limewaingia. Lilikuwa limewaingia kweli, ila si lile alilolisema yeye.

Tangu siku hiyo nimesimama pembeni ya wageni wengi wa makanisa, Iringa, Njombe, Mbeya mpaka Kyela. Sasa nimestaafu ualimu, na kila ikifika Juni, wageni wakianza kuja, vijana waliopewa kazi ya ukalimani hunijia na daftari. Nawaandikia hapa yale ninayowaambia tukiwa mezani na chai. Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, nyumba ya Wamoravian. Nimeolewa Iringa kwa Wakatoliki. Mwanangu wa kwanza kaoa Mlutheri wa Ilembula. Nikikosea neno lolote kati ya haya, nyumbani kwangu hakosekani wa kunisahihisha.

Neno moja, mizigo miwili

Anza kwa kujua kwa nini neno hili linasumbua. “Priest” ya Waingereza ilitoka mbali, kwenye neno la Kigiriki presbyteros, maana yake mzee. Mzee huyuhuyu wa kanisa unayemjua wewe, anayekusanya sadaka na kwenda kusuluhisha wanandoa. Lakini Waingereza walilichukua neno hilo wakamwita nalo pia mtu wa namna nyingine kabisa: yule wa hekaluni, anayechinja mnyama na kumwaga damu madhabahuni, ambaye Waebrania humwita kohen na Wagiriki hiereus. Basi neno moja likabebeshwa watu wawili ambao katika lugha za Biblia wala hawafanani majina.

Waingereza wenyewe waligombana juu yake. William Tyndale alipotoa Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, palipoandikwa presbyteros hakuweka “priest”, aliweka neno lenye maana ya mzee. Thomas More, mwanazuoni Mkatoliki wa huko huko, alimshambulia kwa maandishi makali, kwa sababu aliona wazi kwamba ukibadilisha jina hilo umegusa mamlaka yote ya kanisa la siku zile. More alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa mambo mengine ya mfalme wake, na Tyndale akanyongwa na kuchomwa moto mwaka uliofuata. Nawasimulia vijana habari hii ili wasidhani wanahangaika na jambo dogo.

Kiswahili kilitukinga na mkanganyiko huo. Waliotutafsiria Biblia ya Union iliyotoka mwaka 1952 waliweka kuhani kwa yule wa hekaluni na mzee kwa yule wa kanisa. Soma Matendo 20. Mstari wa 17 Paulo anawaita wazee wa kanisa la Efeso. Mstari wa 28 anawaambia watu walewale kwamba Roho Mtakatifu amewaweka kuwa waangalizi, na kwamba wana kundi la kulilisha. Mzee, mwangalizi na mchunga kundi ni watu walewale, mkutano uleule. Katika Kigiriki, huyo mwangalizi ni episkopos, na neno hilo ndilo lililopita Kiarabu likatufikia sisi kama askofu. Kuhani hayumo kabisa katika kikao kile.

Kwa hiyo mgeni wangu wa Kilolo alikuwa anasema nini? Alikuwa na Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 2, mstari wa 9: ukuhani wa kifalme. Ni fundisho ambalo Luther alilishikilia sana, kwamba kila aliyebatizwa anamkaribia Mungu mwenyewe, bila kupitia mtu mwingine kati. Nilitakiwa kusema “Ninyi nyote ni makuhani.” Yule mama asingepata pa kuingilia.

Swali la kwanza: anamsema nani?

Ukisikia “priest” mgeni anapohubiri, jiulize haraka: huyu anayetajwa yuko ndani ya Biblia au yuko hai leo? Akiwa wa Agano la Kale, karibu mara zote ni kuhani: Haruni, Eli aliyemlea Samweli, Melkizedeki. Katika Injili pia, Zakaria baba yake Yohana ni kuhani, Kayafa ni kuhani mkuu, na yule aliyempita majeruhi kwenye njia ya Yeriko kabla Msamaria hajafika ni kuhani. Niliwahi kusahihisha insha ya mwanafunzi aliyeandika kwamba “padri mmoja alimwona akapita kando”. Kwa Kiingereza chake hakukosea sana. Kwa Kiswahili alikuwa amewasingizia Wakatoliki.

Hata wa miungu mingine ni kuhani. Matendo 14, kule Listra, anayeleta ng'ombe na mataji ya maua ni kuhani wa Zeu.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kuhani wa Israeli alizaliwa kuhani. Ilikuwa ni ukoo wa Haruni. Hakwenda seminari, hakuchaguliwa na usharika. Mgeni akisema kwa Kiingereza kwamba fulani “alisomea” kazi hiyo, tayari umejua hazungumzi juu ya kuhani.

Halafu kuna tahadhari ambayo niliijua nimechelewa, nilipotafsiri kwenye msiba wa mwalimu mwenzangu ambako nusu ya waombolezaji walikuwa Waislamu. Kuhani kwetu limetoka kwenye ukoo mmoja na neno la Kiarabu kahin, na kwa Kiarabu kahin ni mtabiri, mtu wa kupiga ramli. Qurani inakanusha waziwazi kwamba Mtume ni kahin. Ukimwambia mtu aliyesoma madrasa kwamba Yesu ni “kuhani mkuu” bila maelezo, unaweza kuwa umemwambia jambo baya sana. Mimi siku hizi mbele ya kundi la mchanganyiko huongeza maneno machache: “kuhani, yaani yule mtoa sadaka wa hekaluni.” Na kama una ndugu wa Pwani pale, usishangae akikwambia anakwenda kuhani. Huyo anakwenda kuwapa pole wafiwa tu. Ni kitenzi kingine, hakihusiani.

Swali la pili: wa kanisa gani?

Akiwa yuko hai, kamusi haikusaidii tena. Kinachokusaidia ni kujua dhehebu.

Mkatoliki: padri, na wengi wetu tunatamka padre, kama Wareno waliotuachia neno lenyewe, maana yake baba. Mlutheri na Mmoravian: mchungaji. Makanisa ya Kipentekoste: mchungaji pia, ingawa ukiwa mitaa ya Mwanjelwa utasikia zaidi “mtumishi”, na mtumishi anaweza kuwa mhubiri, mpiga kinanda au dada anayeongoza maombi ya Ijumaa. Mwanglikana: kasisi kwa daraja, kati ya shemasi na askofu, hata kama mdomoni watu humwita mchungaji. Ila ukishuka upande wa Ludewa na ufukwe wa Ziwa Nyasa, kule walikofika wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Waingereza, kutoka kisiwa cha Likoma, wazee wa Kianglikana hao watakwambia padri, na wana haki yao.

Hapa nina maoni yangu, na mkwe wangu wa Ilembula huyapinga. Kasisi ndilo neno lililo karibu zaidi na “priest” kwa mzizi. Limetoka Kiarabu, qissis, nalo Kiarabu kililitoa Kisiria ambako lilikuwa na maana ileile ya Kigiriki: mzee. Limo hata ndani ya Qurani, Sura ya 5 aya ya 82, likitajwa kwa wema. Kwa hiyo pale ambapo huwezi kujua dhehebu, na mgeni anasema tu kwamba babu yake alikuwa “priest” huko kwao Uingereza, mimi husema kasisi. Halimkabidhi mtu kwa Wakatoliki, halimtoi kwao. Mkwe wangu anasema neno hilo ni la magazetini na hakuna mtu Makambako anayelitumia. Ni kweli. Lakini wote wanalielewa.

Na usijenge kanuni kwamba padri ni yule asiyeoa. Kidamali, si mbali na Iringa mjini, wapo Waorthodoksi, na kwao mwanamume aliyeoa kwanza anaweza kupewa upadri akabaki na mke wake na watoto wake. Mama yule wa Kilolo angepata jibu la swali lake.

Usichanganye mtu na kiti chake

Wageni wengi hutaja kazi wakati wewe unatafsiri daraja. Padri ni daraja. Paroko ni kazi. Parokia moja inaweza kuwa na mapadri watatu na paroko mmoja. Vilevile kwa Walutheri, mkuu wa jimbo ni mchungaji aliyepewa kuwasimamia wengine. Hajapanda kuwa kitu kingine.

Kwa sisi Wamoravian ndipo wageni huanguka zaidi. Kanisa letu lilianza Rungwe mwaka 1891, na tangu zamani za Wamoravian wenyewe askofu si mkubwa wa ofisi. Askofu ni wa kiroho: anaombea, anashauri, anawawekea mikono wachungaji. Anayeongoza jimbo kiutawala ni mwenyekiti. Nimesikia kijana akimtambulisha mwenyekiti wa jimbo kwa wageni kwa neno la Kiingereza linalotumika kwa mwenyekiti wa kikao. Wageni wakampa mkono haraka haraka, wakapita kumtafuta askofu, kumbe barua yao ya maombi ya mradi ilikuwa ikisubiri sahihi ya yule waliyempita. Mtambulishe kwa kazi: “huyu ndiye kiongozi wa jimbo”. Halafu sema cheo.

Na kwa kuwa tumo humo: Walutheri wana usharika, Wamoravian wana ushirika, Wakatoliki wana parokia na vigango. Irabu moja tu, lakini ukimwandikia Mmoravian “usharika” kwenye barua atakusahihisha kwa kalamu nyekundu. Nawajua, ndio walionizaa.

Jirani za neno hili ambazo huuma

“Minister” usiitafsiri kabla hujamwangalia msemaji kavaa nini. Nilimtambulisha mzee mmoja wa Kiskoti, koti limechakaa, kama waziri. Mtendaji wa kijiji alitoka nje akarudi na tai, na mwenyekiti wa kijiji akaanza kusoma risala ya barabara mbovu. Mzee wa watu alisikiliza mpaka mwisho. Neno hilo kwa asili ni mtumishi. Wa serikali kwetu ni waziri, wa kanisa ni mchungaji.

“Pastor” ni mchungaji, hilo rahisi. Hatari iko kwenye binamu yake, lile neno la wafugaji wanaohama na mifugo. Kijana mmoja alitafsiri taarifa ya mradi akaandika kwamba wachungaji wameingiza ng'ombe mashambani Usangu. Andika wafugaji.

“Deacon” ni shemasi. Ukiwa na wasiwasi ulimi unaweza kukuteleza ukasema shemeji, na utakumbukwa miaka kumi.

Kisha “mama mchungaji”. Hili nalikazia kwa sababu linaumiza watu. Kwetu jina hilo ni la mke wa mchungaji, jina la heshima kubwa. Akija mgeni mwanamke ambaye yeye mwenyewe ndiye mchungaji, ukamwita mama mchungaji, waumini watageuza shingo kumtafuta mumewe. Nimeliona likitokea, na mumewe alikuwa kabaki kwao na mbwa wao. Sema “Mchungaji”, taja jina lake, basi. Wachungaji wanawake wako hapa kwetu pia; wao wenyewe watakwambia wamechoka kuulizwa “mzee yuko wapi”.

Kuhusu Waislamu ni fupi: hakuna padri wa Kiislamu. Anayesalisha ni imamu, msomi wa dini ni shehe. Mgeni akikosea kwa Kiingereza, wewe usikosee naye.

Na wale wa mila? Miaka ya nyuma nilimpeleka mtafiti mmoja Lubaga, karibu na Tukuyu, kule kwenye msitu wa matambiko ya Lwembe, mkuu wa mila wa Wanyakyusa. Swali lake la kwanza kwa wazee lilikuwa juu ya “priests” wa pale. Nikisema mapadri ni kichekesho. Nikisema makuhani, wazee wale wote ni wasomaji wa Biblia, watadhani namzungumzia Haruni. Nikisema waganga nimewatukana, maana mganga anatibu mtu mmoja kwa malipo, na hawa walikuwa wakiomba mvua ya nchi nzima. Nikasema “wale waliokuwa wakitambika kwa niaba ya watu wote”. Mzee mmoja akaitikia “ndaga” polepole, ndiyo asante ya Kinyakyusa, ndipo akaanza kusimulia. Ukikosa jina, taja kazi. Maneno manane ya kweli yanafaa kuliko neno moja la haraka.

Kitenzi nacho

Mgeni akisema amekuwa “ordained”, usimpe kila mtu kitenzi kimoja. Padri hupewa daraja, na mtaani watu husema amepadrishwa. Mchungaji wa Kilutheri hubarikiwa. Askofu huwekwa wakfu, halafu huingizwa kazini au husimikwa, na hayo mawili ni matendo tofauti hata yakifanyika siku moja. Mzee wa kanisa naye huingizwa kazini, ila si kwa namna ile. Ukisema mchungaji “amesimikwa” kwa maana ya siku aliyoanza uchungaji, watu watakuuliza kwani alikuwa wapi siku zote.

Kabla hujapanda

Mwombe mgeni dakika kumi. Usimwombe hotuba yote, mara nyingi hajaiandika. Muulize mambo matatu tu: mistari gani atasoma, atataja viongozi gani, na yeye mwenyewe kwao wanamwitaje. Mistari itafute kwenye Biblia ya Kiswahili mapema, uweke karatasi. Akianza kusoma, soma Kiswahili kilichochapwa. Usitafsiri upya kitu ambacho waumini wamekariri.

Muulize pia mwenyeji namna ya kusalimia. Wakatoliki ni “Tumsifu Yesu Kristo” na watajibu “Milele amina”. Wengine wengi ni “Bwana Yesu asifiwe”. Ukiwa Uheheni tanguliza “Kamwene”, na umeshapata nusu ya kanisa.

Ukikosea, jisahihishe hapohapo, mbele ya watu: “Samahani, nimesema mapadri, ni makuhani.” Mimi Kilolo nilinyamaza kwa aibu, na mpaka leo wapo wanaonisalimia sokoni kwa jina la Padri.

Mwaka baba mkwe wangu alipougua sana, baba yangu mzazi alipanda basi kutoka Tukuyu kuja kumwona, na kapu la ndizi. Baba alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Siku hiyohiyo mgeni wangu mmoja Mwingereza alipita kutoa pole, akafungua Yakobo 5:14, pale mgonjwa anapoambiwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Nikatafsiri. Wifi yangu akaniuliza kwa kunong'ona, sasa tumwite padri, au mzee wa kanisa si huyu hapa tayari? Nikaanza kumweleza habari za Kigiriki, kwamba neno ni lilelile, kwamba Biblia ya zamani ya Wakatoliki wa Kiingereza iliandika “priests” palepale. Baba mkwe, ambaye tulidhani amelala, akafumbua jicho moja.

“Mwite padri aje na mafuta,” akasema. “Huyu mwenzangu akae hapa anisimulie bei ya ndizi.”